Chupa Mbili Badala ya Chakula cha Jioni

Jumatatu, tarehe tisa Juni. Asubuhi ilianza na manyunyu, yakakatika kabla jua halijapanda, kisha upepo ukatulia kabisa. Kwa mafundi rangi wa majengo marefu, upepo kutulia ni habari njema kuliko salamu.

Bonge alifika kazini wa kwanza. Jina hilo wenzake walimpa zamani, wakati hata hakuwa mnene wa kutajwa, naye akalipokea kama mtu anavyopokea shati lililomzidi: siku moja litamfaa. Mwaka huu, baada ya kumzika mkewe, lilikuwa limemkaa sawasawa.

Kazi yao ilikuwa kupaka rangi kuta za nje. Walipanda wawili wawili juu ya jukwaa jembamba la chuma lililoning'inia kutoka paani kwa kamba za waya na kuendeshwa kwa mota. Wenyewe waliliita kitanda, kwa sababu, walisema, ukisinzia humo huamki tena. Kila Jumatatu kabla ya kupanda, kila jozi ilisimama pamoja juu ya mizani ya mizigo, na mikanda yao ya usalama, ndoo zao za rangi na mikoba yao. Mshale ukipita alama nyekundu, aliye mzito zaidi kati ya wale wawili alibaki chini, akapelekwa stoo kuchanganya rangi.

Stoo ilikuwa kontena lisilo na dirisha. Aliyefanya kazi humo aliingia asubuhi akatoka jioni, na katikati hakusema na mtu ila makopo. Bonge hakuogopa kimo chochote, lakini kontena lile alilipita akiwa ametazama upande mwingine. Nyumbani nako hakukuwa na wa kusema naye. Ilibaki kule juu tu, pamoja na Kijiti, mwenzake wa kitandani. Kule palikuwa na mtu aliyeuliza, "Umeamkaje, kaka?" kisha akangoja ajibiwe.

Ndiyo maana alikwenda zahanati mwenyewe, bila kusukumwa, kuomba mpango wa kupunguza uzito. Muuguzi alimweleza kwa upole: mboga zaidi, mafuta kidogo, wanga kiasi cha ngumi, soda aisahau. Bonge aliitikia kwa kichwa hadi mwisho, kisha akauliza swali lililokuwa limemkaa kooni.

"Na bia, dada?"

"Bia gani tena, baba?"

"Ile ya jioni. Mbili tu."

Muuguzi alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Baba yangu, bia ni chakula kilichovaa nguo za maji. Chupa moja ina kalori kama vipande viwili vya mkate, tena vitatu ikiwa chupa kubwa, na tumbo halijui kama limekula. Sikukatazi. Ukitaka kunywa, itafutie nafasi. Moja, siku moja moja, na siku hiyo wanga upungue kidogo. Lakini usinywe kabla hujala, na chakula usikiache. Umenielewa?"

"Nimekuelewa sana."

Alichotoka nacho zahanati kilikuwa kwamba bia itafutiwe nafasi. Mengine yaliishia mlangoni.

Zamani, yeye na mkewe waligawana chupa moja. Mkewe aliombea chakula kwa sauti, Bonge akaitikia Amina, kisha mama yule akamimina nusu kwa nusu, ameinama macho yalingane na glasi, kama mwenye duka apimaye mafuta ya taa. Baada ya mazishi, Bonge alikunywa nusu yake akaiacha ile nyingine mezani. Ikachacha. Akaona ni vibaya kuimwaga, akawa anaimaliza. Baadaye, bila kujua ni lini hasa, chupa zikawa mbili. Hakuwa mlevi, hakuna aliyewahi kumwona akiyumba. Alipenda ule mlio wa kizibo. Ndilo neno pekee ambalo nyumba ile ilimwambia tangu anaingia hadi analala.

Kwa hiyo bia ikapewa nafasi, na nafasi iliyokuwepo ilikuwa ya chakula cha jioni. Hesabu ilimkalia vizuri kichwani: chupa mbili zinaingia, sahani moja inatoka. Sahani zikabaki kabatini, na pasipo sahani hapakuwa na sala, maana hakujua mtu anaombeaje chupa. Jioni moja alijaribu. Alifumba macho, akasema, "Mungu wangu, bariki hii," akanyamaza. Aliona haya kama mgeni aliyebisha hodi halafu akasahau amefuata nini. Baada ya chupa ya pili njaa ilimrudia, akala karanga kutoka kwenye mfuko. Hizo hakuzihesabu, kwa kuwa alizila amesimama.

Ajabu ni kwamba mizani ilimkubali. Kila Jumatatu mshale ulisimama chini ya alama nyekundu, tena kila mara chini kidogo kuliko wiki iliyopita. Bonge alimshukuru Mungu kwa moyo wake wote na akaendelea na mpango.

Jumatatu hii nayo ilianza hivyo hivyo.

"Kanyaga taratibu, Bonge," fundi mmoja alimpigia kelele. "Hiyo mizani ina watoto nyumbani!"

"Mwambie na Kijiti apande kwa nguvu, maana mizani haimwoni," akadakia mwingine. "Huyu siku hizi akigeuka ubavu anapotea."

Kijiti alicheka na wenzake, lakini alicheka mdomo tu. Alikuwa amekonda kweli; mkanda wa usalama aliufunga kwenye tundu la mwisho na bado ulicheza. Msimamizi wao, mwanamke mtu mzima aliyepaka rangi kabla baadhi yao hawajazaliwa, aliinama akausoma mshale.

"Chini ya nyekundu. Pandeni."

Walipanda. Ukuta ulikuwa mpana, rangi ya maziwa, na chini watu walikuwa wadogo. Walifanya kazi, roli za rangi zikipanda na kushuka. Kisha Bonge akahisi jasho baridi shingoni. Ukuta ulisogea. Akashika ukingo wa kitanda, na roli likamponyoka likaning'inia kwa kamba yake.

"Kaka! Keti. Keti chini, nimesema!" Kijiti alimshika ukosi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akahakikisha ndoano ya mkanda wa Bonge imefunga. "Umekula nini leo?"

"Chai."

"Na jana jioni?"

Bonge aliketi sakafuni mwa kitanda. "Nipe kipande cha mkate wako, mdogo wangu. Kimoja tu, nitulie."

Kijiti alitazama pembeni.

Huyu alikuwa mtu ambaye kwa miaka yote hakupanda bila mkate na chupa ya maji. Bonge alivuta mkoba wa mwenzake. Ulikuja mwepesi kama soksi. Ndani hamkuwa na kitu.

"Mkate uko wapi?"

"Nimeuacha chini."

"Kwa nini?"

"Mkate nao una uzito, kaka."

Bonge alimtazama, kisha akageukia ndoo. Akainua kifuniko cha ile ambayo hawajaigusa. Rangi ilifika nusu. Akakumbuka jinsi wiki zote hizi walivyoshuka mara kwa mara kuongeza rangi, naye akitania kwamba ukuta huu unakunywa kuliko yeye.

"Hukunijazia ndoo."

"Zikijaa, mshale unapita."

"Kwa hiyo mimi sikupungua."

"Ulipungua wapi, Bonge? Nimepungua mimi." Kijiti alisema bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Jumapili sili kuanzia mchana. Mke wangu anadhani nimefunga kwa ajili ya maombi. Ningefanyaje? Kuna siku tulimaliza kazi, watu wote wameondoka, nilirudi kuchukua kofia nikakukuta umekaa kwenye ngazi, taa zimezimwa, hutaki kwenda nyumbani. Nikasema, huyu akipelekwa stoo, atanyamaza moja kwa moja."

Kitanda kiliyumba kidogo, kikatulia. Bonge alifumba macho. Maneno ya kumwomba Mungu hayakuja. Lilikuja moja tu, nalo alilisema moyoni: nisamehe. Kisha akafumbua macho.

"Tushushe."

"Kaka, tukishuka sasa watauliza."

"Waulize. Bonyeza, tushuke."

Chini, msimamizi aliwaona wanavyotoka akaja haraka. Bonge alimweleza yote pale pale, mbele ya mafundi waliokuwa wakinywa chai: chupa mbili, sahani iliyokaa kabatini, karanga, ndoo nusu, mkate ulioachwa. Kijiti alijaribu kumkatiza mara mbili. Hakuna aliyetania.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Bonge; hukuuhisi uzito wake," msimamizi alisema hatimaye. "Na wewe Kijiti, kule juu mtu mwenye njaa ni hatari kama aliyezidi uzito. Ningekuwa na wawili wa kuokota. Nani anabaki chini?"

"Mimi," alisema Bonge. "Singoji uniambie."

Kikosi kile kilikuwa na desturi yake. Anayejishusha mwenyewe husimama juu ya mizani peke yake, akasema mbele ya wote atarudi kwa sharti gani, nao wote humshikilia kwa neno lake hilo. Bonge akapanda. Mshale ukaenda ulikotaka kwenda, na hakuuangalia. Alitazama kontena la rangi, mlango wake ukiwa wazi na ndani giza. Mama muuza chai akaweka birika chini ili asikie.

"Kuanzia leo," Bonge alisema, kisha akaanza upya kwa nguvu ili hata waliokuwa nyuma wasikie. "Kuanzia leo jioni nitapakua chakula, nitakiombea mwenyewe kwa sauti, na nitakila. Bia itakuwa moja, Jumamosi, baada ya kula, na nitaihesabu kama chakula. Na kitandani sipandi tena mpaka mizani inikubali mimi na ndoo zilizojaa na Kijiti aliyeshiba. Mmenisikia wote. Mkiniona nakwepa, nishikeni."