Alichosomewa Hamood

Bi Batuli alifika Bagamoyo mjini saa tatu asubuhi, ametokea Kerege, na kifurushi kwapani: pamba, kafuri na sabuni mpya. Hakuitwa. Habari za kufa kwa Bi Ibtisam alizisikia kwa muuza samaki, kama mtu asiyehusika, na yeye na marehemu walikuwa wamewekeana ahadi tangu wako chuoni, wakisoma Kurani kwa mwalimu mmoja, kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake.

Uani kitanda cha kuoshea kilishawekwa na kuzungushiwa mashuka. Nawal, binti wa marehemu, alikuwa amesimama mlangoni, mkono huku na huku, kaziba njia.

"Poleni na msiba, mwanangu."

"Tushapoa, Bi Batuli. Kaa hapo mkekani."

"Nimekuja kumwosha mama yako."

Akadakia Arafa, binamu wa marehemu, kutoka jikoni. "Au umekuja kukagua kazi yako? Mtoto umemsomea kaanguka, mama kafuata kwa presha. Kabaki nani humu ndani, paka?"

Wanawake wawili walicheka, wakakumbuka kuwa wako msibani, wakanyamaza.

Kila mtu pale alijua linalosemwa. Siku ya kumi na saba ya Ramadhani, baada ya alasiri, Bi Batuli aliwasomea wanawake wa Kerege majina ya watu wa Badri, waliopigana vita pamoja na Mtume, kuomba baraka, kama afanyavyo kila mwaka tangu mumewe yu hai. Mwaka huu Bi Ibtisam alikuwa mgonjwa, hakwenda. Mtu akapiga video. Miezi ikapita, na Hamood, mtoto mkubwa wa nyumba hii, alipogombea udiwani, video ile ikazuka kwenye simu za watu. Sauti ni ya Bi Batuli, kanga ni yake, hata mwanya wake unaonekana. Ila juu paliandikwa: WAMSOMEA HAMOOD HALBADIRI. Na mtu wa pwani ukimwambia fulani kasomewa halbadiri, haulizi tena. Anajua huyo kaombewa aangamie.

Hamood akaanguka kwenye kura za maoni. Tangu hapo Bi Ibtisam hakupokea simu ya shoga yake. Bi Batuli alikwenda mara mbili, mara zote akaambiwa mgonjwa amelala.

"Niitieni Hamood," alisema sasa.

Hamood alikuja na kanzu nyeupe, macho mekundu, simu mkononi ikitetemeka kwa rambirambi.

"Shikamoo, Mama Batuli."

"Marahaba, baba. Siku ile uliniletea tende Kerege, ukakaa kibarazani mpaka tukamaliza. Tulisoma nini?"

"Badri ya Ramadhani."

"Ulisikia likitajwa jina lako?"

"Hapana, mama."

"Basi nani kaandika yale maandishi?"

Hamood alimvuta kando, kwenye tangi la maji, akashusha sauti. "Vijana wangu wa kampeni. Walisema watu wakiona naonewa watanihurumia, watanipa kura. Tulidhani ni jambo la siku mbili. Wapinzani wakaidaka, wakawaambia watu: mtu kishasomewa huyo, hafiki mbali, msipoteze kura zenu."

Bi Batuli alimtazama. Muda wote huo, katika kila sala, alikuwa akimwomba Mungu amsamehe adui asiyemjua.

"Mama yako ulimwambia?"

"Kila siku nilisema kesho."

"Kafa akiamini nimekusomea wewe. Wewe niliyekubeba mgongoni."

"Nisamehe, mama. Tukishazika nitaweka video, nieleze kila kitu. Nina wafuasi elfu ishirini."

"Siwataki elfu ishirini. Namtaka Nawal, yule pale, hatua kumi. Mwambie kwa mdomo wako."

Hamood aliutazama mlango. Upande wa pili, barazani, walikaa wazee wa chama, na uani kulikuwa na wanawake zaidi ya thelathini, kila mmoja na masikio yake. Simu ikatetemeka tena. Akaitazama.

"Baada ya maziko, mama," alisema, akaondoka.

Bi Batuli alitaka kusema mwenyewe, akaacha. Angesema nini? Wao wameona kwa macho yao, na yeye ana maneno tu. Alimnyooshea Nawal kifurushi.

"Vyetu vipo," Nawal alisema, akaingia ndani ya mashuka na wenzake wawili.

Bi Batuli akakaa mkekani, peke yake, maana aliokuwa nao walisogea. Maji yakaanza kusikika. Alijua kwa mlio wake tu kwamba wanamwaga mengi na kwa haraka, kama wasichana wasiowahi kuosha maiti. Akasoma kimoyomoyo.

Baadaye ikasikika sauti ya Nawal, imepwaya. "Jamani, nywele tunasuka ngapi?"

Wanawake walitazamana. Arafa akainamia sufuria lake.

"Tatu," alisema Bi Batuli. "Mzilaze nyuma."

Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Na kafuri?"

"Maji ya mwisho. Anzeni upande wa kulia."

Akasikia kitanda kikilia. Walikuwa wanamgeuza.

"Bega hilo msilivute," alisema. "Linamuuma."