Betri Iliyochoshwa na Birika

Kanana alikuwa akichapa ubeti wa tatu wa wimbo wa kumkaribisha bibi harusi, wakati kisanduku kilichokuwa chini ya meza kilipoanza kulia. Tii, tii, tii. Taa ya mezani, aliyoiwasha tangu asubuhi kwa sababu ya ukungu wa Julai, ilififia kidogo kisha ikarudi. Kompyuta haikurudi. Kioo kilibaki cheusi, na kazi yote ya asubuhi ikawa imekwenda nayo.

"Woiye!" Kanana alilia, mikono kichwani.

Kisanduku hicho cha betri, ambacho aliyemuuzia alikiita UPS, kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia na kilikuwa na kazi moja tu: kuishikilia kompyuta stima inapopotea, ili Kanana apate nafasi ya kuhifadhi alichochapa. Mwaka ule wa 1997 watu wengi wa Kinoru, kando ya mji wa Meru, walikuwa bado wakipeleka kazi zao kwa wapiga taipu wa mjini, lakini habari za kompyuta ya Kanana zilikuwa zimeenea. Alichapa mitihani ya shule, katiba za vikundi vya akina mama, na zaidi ya yote, ratiba za harusi. Tangu mwanzo kisanduku kilikuwa kimemtumikia vizuri. Julai ilipoingia, kikaanza kulia ovyo, mara asubuhi, mara adhuhuri, hata stima ikiwepo. Na sasa hakikulia tu. Kililia na kuzima papo hapo.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Lorna, msichana wa kanisani kwao, alikuwa anaolewa na kijana wa Embu, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana kwamba nyimbo ziwe za Kimeru na za Kiembu, zote zichapwe kwenye ratiba, ili pasiwe na mgeni wa kukaa akiwa amefunga mdomo. Zilizopotea zilikuwa za Kiembu, zile ngumu, ambazo mjomba wa bwana harusi aliziandika kwa mwandiko unaofanana na nyayo za kuku.

Kanana alichungulia dirishani. Ng'ambo ya ua wa michongoma kulikuwa na kibanda cha Mithika, fundi wa kuchomelea mageti. Kila mtu alijua mashine ya kuchomelea inavyovuta stima. Kanana akavaa kandambili na kutoka.

"Mithika!" alianza kabla hajafika. "Hii kazi yako ya mageti itanimaliza! Ukigusa chuma huko, mimi huku napoteza kazi ya siku nzima!"

Mithika alikuwa amesimama nyuma ya pikapu, akifungua kamba. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyororo isiyolingana na mwili wake. "Mama Mutugi, habari ya asubuhi?" alisema, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Hakuna habari! Umechomelea nini saa hii?"

"Sijachomelea kitu." Akaipiga mashine yake kofi jepesi. Ilikuwa juu ya pikapu, imefungwa kwa kamba kama mbuzi wa sokoni. "Nilikuwa mjini Maua tangu juzi, nikiwatengenezea watu wa miraa keria za kubebea mizigo juu ya magari yao. Ndiyo nafika. Hata chai sijanywa."

Kanana aliitazama mashine. Akazitazama kamba. Hasira zake zikakosa mahali pa kukaa.

"Basi nisamehe," alisema polepole. "Lakini kuna kitu kinachokula stima yangu."

Mtu mwingine angeshikilia pale alipoonewa. Mithika alicheka hadi tumbo likatikisika. "Tusikisie. Tujaribu. Nisaidie kushusha hii mashine, halafu nenda ukae mbele ya taa yako. Mimi nitachoma chuma hapa. Ikififia, piga kelele."

Wakafanya hivyo. Kanana alikaa mbele ya taa huku cheche za bluu zikimetameta ng'ambo ya ua. Taa haikutingishika. Mithika alichoma tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, mpaka vipande viwili vya chuma visivyohusiana vikashikamana kabisa. Taa ilibaki imetulia, na kisanduku kilinyamaza kimya.

"Bado?" Mithika aliita.

"Bado! Si wewe!"

Hapo ndipo mlango wa chumba cha nyuma ulipofunguliwa, akatoka Ciakuthii, mama mkwe wake Kanana, shuka begani. Alikuwa ametoka kijijini kwake Kanja, Embu, mwishoni mwa Juni akiwa na kikohozi kikali, na daktari wa Meru alikuwa amemwambia akae karibu na hospitali kwa muda, anywe vitu vya moto mara kwa mara. Ndwiga, mume wa Kanana, alikuwa amemnunulia mama yake birika la stima, akaliweka chumbani mwake ili asihangaike kwenda jikoni kwenye baridi.

"Mwache mtoto wa watu afanye kazi yake," alisema kwa Kiembu, akitazama chini. "Ni mimi."

"Wewe umefanya nini, mama?" Kanana aliuliza.

"Hiyo mashine yako hainipendi. Kila nikibonyeza birika, inalia. Nikaona labda ni bahati mbaya. Nikabonyeza tena siku nyingine, ikalia tena. Siku hizi nangoja uende sokoni ndiyo nichemshe maji. Lakini leo kifua kimenishika, nikashindwa kungoja."

Kanana aliona haya. Alikumbuka jinsi mama mkwe alivyokuwa akimhimiza kila siku aende sokoni, mara nyanya, mara vitunguu, na jinsi yeye alivyokuwa akinung'unika moyoni kwamba mama huyu hataki kumwona amekaa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini? Kwamba mashine ya mke wa mwanangu inanichongea?"

Kanana alitaka kusema neno la heshima, kicheko kikamtoka badala yake. Ciakuthii alimtazama kwa mshangao, kisha naye akacheka, akakohoa, akacheka tena. Mithika, aliyekuwa ameshaingia uani, akajiunga nao.

"Sasa tujaribu sawasawa," Kanana alisema akipangusa macho. "Mama, rudi chumbani. Nikisema bonyeza, bonyeza. Mithika, simama jikoni, uangalie balbu ya huko."

"Bonyeza!"

"Nimebonyeza!"

Taa ya mezani ikafifia. Tii, tii, tii.

"Zima!"

Taa ikarudi, kisanduku kikanyamaza.

"Ya jikoni imefifia?"

"Haijafanya kitu!" Mithika alijibu.

Wakarudia, na Ciakuthii alikuwa ameanza kuufurahia mchezo huo kiasi kwamba alibonyeza kabla ya kuambiwa. Matokeo yalikuwa yale yale. Kanana alisimama katikati ya sebule akiwaza. Kama stima ingekuwa inakuja dhaifu kutoka barabarani, balbu ya jikoni nayo ingefifia. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa nje. Ulikuwa ndani ya nyumba, kwenye laini inayolisha sebule na chumba cha nyuma tu.

Mithika aliinama, akaweka kiganja kwenye soketi ya kompyuta, akakiondoa haraka. "Hii ina joto kama chapati. Zima mein-switchi, ile swichi kubwa ya nyumba, Mama Mutugi. Mimi ni mtu wa chuma, mambo ya ukutani namwachia Ngari."

Ngari, fundi wa stima, alikuja mchana huo huo. Alipanda darini, wakamsikia akitembea kwa magoti, akipiga chafya kwa sababu ya vumbi. Aliposhuka alikuwa ameshika kipande cha waya kilichoungwa kwa tepu. Tepu ilikuwa imeyeyuka, na maungio yalikuwa meusi kama masizi ya chungu.

"Nani aliunga hii?" aliuliza.

Ndwiga, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika kutoka shuleni alikofundisha, alikohoa kidogo. "Nilipata jamaa fulani tulipojenga chumba cha nyuma. Alisema anaijua kazi."

"Aliijua kazi ya kuondoka haraka," Ngari alisema. "Mmekuwa mkichemshia maji kupitia waya wa taa na kiungo kilichoungua. Birika likivuta, stima inazama hapa sebuleni. Kisanduku kikiona imezama, kinadhani imepotea, kinakimbilia betri. Mara ngapi kwa siku?"

Wote walimtazama Ciakuthii.

"Napenda chai," alisema.

"Basi betri haikuwa inapata kupumzika. Kabla haijajaa, inaitwa tena. Imechoka. Lakini msiilaani. Bila ile kelele mngekuja kujua habari za waya huu siku dari inawaka moto."

Ndwiga alikichukua kile kipande cheusi, akakigeuzageuza, akamtazama mama yake. "Nilitaka upate joto, mama," alisema.

"Ulikuwa karibu kunipa jingi," Ciakuthii alijibu, na kicheko kikarudi.

Ngari alivuta waya mnene kutoka kwenye kisanduku cha mein-switchi hadi chumba cha nyuma, ukiwa na fyuzi yake, na kompyuta akaipa laini yake peke yake. Kesho yake, betri ikiwa imepewa usiku mzima wa kujaa bila kusumbuliwa, Kanana alichomeka taa ya mezani kwenye UPS, akavuta plagi ukutani. Taa ilizimika kabla Ciakuthii hajamaliza kusema "Haya!" Betri ilikuwa imekwisha kabisa. Mpya ingebidi itoke Nairobi, na isingefika kabla ya Jumamosi.

Ikabidi kazi ya Lorna ifanywe bila kinga. Kanana alikaa na karatasi za yule mjomba, akafika kwenye neno la Kiembu ambalo lingeweza kumaanisha "furaha" au "ngozi ya kondoo".

"Mama, hapa wamesema nini?"

Ciakuthii hakuhitaji hata kuitazama karatasi. Aliuimba wimbo. Sauti ilikuwa ya mtu mgonjwa mwanzoni, ikapata nguvu kadiri ilivyoendelea, na Kanana alichapa akimfuata, akimsimamisha kuuliza neno hili linaandikwaje na lile lina maana gani. Kila ubeti ulipoisha, Ciakuthii aligonga meza kwa kidole. "Tia akibani." Kanana alihifadhi kwenye disketi, wakaendelea. Walikunywa chai nyingi siku hiyo. Katika miaka yote ya ndoa yake, Kanana hakuwahi kuketi na mama mkwe wake muda mrefu hivyo bila mmoja wao kutafuta kisingizio cha kuondoka.

Alhamisi stima ilipotea kwelikweli, Kinoru nzima. Walipoteza mstari mmoja. Waliuchapa tena iliporudi, na Ijumaa printa ikatoa ratiba za Lorna, ikikwaruza kama mtu anayeparua sufuria.

Jumamosi, wageni wa Embu walipofika kanisani na kukuta nyimbo zao zimechapwa bila kosa, waliimba kwa nguvu hata wenyeji wakabaki kusikiliza. Mjomba wa mwandiko wa kuku alimtafuta Kanana baada ya ibada ili amshukuru kwa kusoma mwandiko wake vizuri hivyo. Kanana alimwelekeza kwa Ciakuthii, na hao wawili walizungumza mpaka keki ikakatwa.

Betri mpya ilipofika wiki iliyofuata, Kanana aliwasha birika, pasi na redio kwa pamoja, na Mithika akachoma chuma ng'ambo ya ua kwa hiari yake. Kisanduku hakikutoa sauti. Alipovuta plagi, kompyuta iliendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea, na Ndwiga akapiga makofi.

Agosti, kikohozi kilipopona, Ciakuthii alirudi Kanja. Siku chache baadaye mwanamume mmoja alibisha mlangoni kwa Kanana, amebeba mfuko wa nduma na bahasha iliyojaa karatasi. Alisema yeye ni mwalimu wa kwaya huko Kanja.

"Ciakuthii ametuambia kuna mashine Meru inayojua Kiembu," alisema. "Tuna nyimbo nyingi."

Kanana aliondoa mafaili kwenye kiti, akamkaribisha akae, akaweka disketi tupu kwenye kompyuta, na kumwomba asome wimbo wa kwanza polepole.