Kimya cha Mapigo Kumi na Sita

Fundi cherehani alikuwa ameimba sauti ya pili miaka thelathini na mmoja, na hakuna siku aliyoimba peke yake hata neno moja. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya alipoleta utunzi wake mpya, akamwambia, "Mama, mistari hii minne ni yako," alirudi nyumbani na wasiwasi wake, akamshonea mteja mfuko wa ndani wa sketi kwa nje.

Utunzi wenyewe ulikuwa wa kisasa. Sauti ya kwanza na ya tatu ziligongana makusudi, kama sufuria zinazoporomoka kabatini, huku besi wakinong'ona. Kisha kwaya nzima inyamaze mapigo kumi na sita, ndipo yeye aanze.

"Kunyamaza nako ni kuimba?" wifi yake aliuliza mazoezini. "Basi mume wangu ni mwimbaji mkubwa."

"Kimya ndicho moyo wa kazi yangu," mwalimu akasema, macho kayafumba.

Jumapili, mbele ya wageni kutoka makao makuu, kwaya iligongana vizuri, ikanyamaza. Fundi akahesabu kwa kidole kwenye mshono wa joho. Alipofika saba, katibu wa kanisa akainuka na karatasi zake. Miaka yote, kwaya ikinyamaza, katibu husoma matangazo. Na mwalimu, kwa kuwawaza wageni, hakumwambia kitu.

"Bwana asifiwe. Kuna mwavuli mweusi umeokotwa chooni."

Mwalimu akabaki mikono hewani. Wifi akamfinya fundi. "Kaa chini, dada, imekwisha hiyo."

Kumi na nne. Kumi na tano. Akiketi leo, ataketi mpaka wamzike.

"Ee Bwana, unisikie!" akaimba.

"Nakusikia, mama, ngoja nimalize," katibu akasema. "Kikao cha paa..."

"Nimengoja, nimechoka!"

"Hata mimi!"

Mistari yote minne aliimaliza, hakumeza hata silabi.

Baada ya ibada mgeni mkuu alikuwa akifuta machozi. "Ulimwengu unatangaza miavuli, roho inalia! Yule mzee mmemfundisha muda gani?"

"Miezi mitatu," mwalimu akajibu bila kupepesa. Kisha akamvuta fundi pembeni. "Mama, wamempenda katibu. Safari ijayo tumwongezee. Wewe ubaki na mistari miwili."

Fundi alikunja karatasi yake, akaitia mkobani, akafunga zipu.

"Mkatie mistari yake kwenye kile kimya chako, mwalimu. Nafasi iko tele." Akaenda zake kunywa chai.