Swali Lililoandikwa Vizuri Mno

Kabla ya kuwa mbunge, Lwakatare alifundisha shule Muleba miaka ishirini, na ualimu, bwana, haumtoki mtu. Klaudia wa Kishanda alipomjia akilia kwamba watu wa usalama wamemchukua mumewe, Mwijage, kwa kukataa kuhamia kijiji cha ujamaa na kuacha kibanja, shamba lake la migomba lenye makaburi ya wazee wake, Lwakatare aliandika swali la bungeni: watu hawa wakimkamata raia, nani anawauliza? Asije akaambiwa analeta uvumi, akaambatanisha mashahidi kumi na mmoja, kila mmoja kwa jina, ukoo na kibanja chake, kama Wahaya wanavyotambulishana. Akalituma Dar es Salaam huku amejaa fahari.

Wiki mbili baadaye mgeni aliyejiita Burhani tu, bila kutaja ofisi yake, aliketi sebuleni kwake Bukoba. Alipokea punje za kahawa za kutafuna, heshima ya Wahaya kwa mgeni, kwa adabu zote, kisha akatoa mfukoni karatasi ile ile yenye swali na majina.

"Swali zuri, Mheshimiwa. Ukiliuliza itabidi tuchunguze, na tutaanza na hawa. Umetuonyesha hadi nyumba zao."

"Na nisipouliza?"

"Hii itabaki karatasi tu."

"Mwijage yu hai?"

"Hilo nalo ni swali," Burhani alisema, akaikunja karatasi na kuirudisha mfukoni mwake.

Lwakatare hakulala. Alijiona mjinga wa kutupwa. Alitafuta wa kumshtakia, na kila aliyemfikiria, barua ya kumfikia ingepitia mikononi mwa akina Burhani kwanza.

Akaenda Kishanda, akamweleza Klaudia yote bila kujitetea.

"Mama yangu yumo kwenye majina hayo?" Klaudia aliuliza.

"Yumo. Ni wa tatu."

Lwakatare alitamani Klaudia amtukane.

"Liondoe swali, waitu, mwalimu wetu. Mama ni mzee, hataweza huko walikompeleka mume wangu." Akasimama. "Ila siku tutakapomlilia Mwijage, usitie mguu hapa kwetu."

Lwakatare akaondoka na maneno hayo. Kwa Mhaya, kukatazwa msiba ni kufukuzwa na watu wako.

Bungeni, Spika alipomwita, alisimama.

"Mheshimiwa Spika, naliondoa swali langu. Nimeridhika."

Wenzake wakapiga meza kumpongeza kwa busara.