Jibu Lililofunikwa

Majirani walimwita Mzee Lawama, naye hakukataa. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti. Kazi ya pili, kuwasema wakubwa. Mkewe alipougua, madaktari walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa hadi siku ya kuchukua maiti. Tangu hapo, kila mwenye ofisi na funguo alikuwa mwongo.

Kwa hiyo binti yake aliposema mezani kwamba kazini wamefichiwa jibu, mzee alilirudisha tonge sahanini. Binti alikuwa akichunguza nishati ya giza, ile inayousukuma ulimwengu uzidi kutanuka: je, nguvu yake ni ileile tangu kale, au inabadilika? Miaka mitatu walikuwa wakikusanya vipimo vya nyota zilizolipuka mbali huko. Alimweleza babake kwamba kufichwa huko ni utaratibu wao wenyewe. Vipimo huvurugwa makusudi, mtu mmoja tu akatunza vile halisi, mpaka wote wakubaliane namna ya kukokotoa. Anayeona jibu mapema anaweza kuivuta hesabu iende anakopenda, bila hata kujijua.

Mzee alisikia neno moja tu: kufichwa.

Asubuhi akafunga karakana, akatinga ofisini kwao na ovaroli iliyotobolewa na cheche. Mtunza vipimo, mama mpole wa miwani, akamkaribisha kiti. Hakukaa. Akamwambia kuwa mke wake madaktari walimficha, mtoto wake hawatamficha. Sauti ikajaa korido nzima, binti akaja mbio kumtoa.

"Tazama basi, mzee wangu, hakuna ubaya wowote," mama yule akasema ili kumtuliza, akageuza skrini.

Mstari mwekundu, ulioinama kuelekea mwisho. Basi. Mzee akautafuta uongo ulipo, asiuone. Akamgeukia binti apokee shukrani. Binti alikuwa amejiziba macho kwa viganja viwili, kama mtoto, na alikuwa amechelewa.

Mkuu wao alikuja, wala hakufoka. Hilo ndilo lililomvunja mzee. Alikuwa amejiandaa kufokewa. Mkuu alisema taratibu kwamba aliyeona jibu haendelei na hesabu. Ndiyo kanuni yao, na aliyeitunga ni huyu huyu binti.

Njiani mzee alitembea nyuma ya mwanawe, kichwa chini. Alitafuta wa kumlaumu. Kila aliyemfikiria, lawama ilimrudia mwenyewe.

"Bora ungenigombeza, mama," akasema.

"Nikugombeze vipi, baba, na ulikuja kunitetea?"

Hilo lilimchoma kuliko cheche zote za maisha yake.

Walipofika getini binti alisimama. Alisema haruhusiwi kumwambia mwenzake yeyote alichokiona, mpaka siku watakapofunua wote. Amebaki na baba tu, maana walikiona pamoja. Akachora hewani kwa kidole ule mstari unaoinama.

"Ile nguvu inapungua, baba. Inachoka."

Macho yalimng'aa, akisubiri neno. Mzee akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Hakuelewa kitu, na uso wa kuuliza hakuwa nao.