Watu wa Gureza Wamefika Bellevue

Alhamisi hiyo Masika alikuwa ameshainamisha kichwa cha mteja juu ya beseni, shampuu imekolea, povu mpaka masikioni, ndipo akakumbuka kwamba maji yaliyobaki nyumba nzima ni nusu birika. Basi akamsuuza kwa kikombe cha chai, kidogo kidogo, mteja analalamika macho yanamwasha.

"Vumilia, chérie," Masika akamwambia. "Nywele iko yako, macho iko yako, maji njo iko ya Mungu."

Akatoka uani kumwaga beseni, akakuta foleni ya ndoo imeongezeka watu. Walikuwa wengi, wanaume kwa wanawake, wamevaa sufu nzito kana kwamba hakuna joto, visu viunoni, vumbi jeupe la chokaa mpaka kwenye kope. Walikuja na nyumbu pia, yaani yule anayezaliwa na punda na farasi, si yule wa porini. Wapangaji walikuwa wameshasogeza ndoo zao kuwapisha.

"Nyie wa wapi?" Masika akauliza.

"Gureza," akajibu kijana mmoja mwenye masharubu. "Ni mji wa kilimani, Albania. Tulikufa zamani. Mwisho wa foleni ni wapi?"

"Nyuma ya ile ndoo ya buluu."

"Asante."

Kiswahili chao kilikuwa cha Bujumbura, maana mama Mrundi wa chumba cha mbele ndiye aliyekuwa wa kwanza kuongea nao. Kijana mwenye masharubu aliitwa Leka. Aliweka ndoo yake, ya ngozi, nyuma ya ile ya buluu, akachuchumaa kungoja kama wenzake.

Nyumba hiyo ya Bellevue ni ya zamani, matofali mekundu, imegawanywa vyumba kwa mbao mpaka stoo ina familia. Bomba ni moja, liko uani, na tangu baridi iishe lilikuwa linakohoa tu. Msimamizi wa nyumba, Papa Théodore, Mkongo kama Masika, tena shemasi, aliwaambia ni manispaa. Na kweli Johannesburg maji yanakatika, hiyo si siri, leo Yeoville, kesho Malvern, kwa hiyo walimwamini. Yeye mwenyewe alikaa nyumba ya pili, ukuta mmoja, na tangi kubwa la kijani alilosema linajazwa na lori. Lori hilo hakuna aliyewahi kuliona, lakini shemasi akisema lori, ni lori. Akawa anawauzia kwa ndoo.

Tante Léocadie, shangazi yake Masika, alikataa kununua. Alisema maji ya kuuziana hayakati kiu. Kila asubuhi alishuka mteremko mpaka bomba la kanisani, akapanda na ndoo kichwani, mwanamke wa umri ule. Siku moja akateleza kwenye ngazi za mawe. Ndoo ilikutwa imesimama wima, imejaa. Tante alikutwa kando yake, amekwisha.

Huyo ndiye aliyemlea Masika tangu Butembo kule Kongo, akamleta Jozi, yaani Johannesburg, kwa basi, amempakata njia nzima ingawa miguu ya Masika ilikuwa imeshafika chini. Kwenye matanga Papa Théodore alileta makatoni ya maji ya chupa, na kanisa zima likampigia makofi. Masika naye alipiga.

Sasa zamu ya watu wa Gureza ilipofika, bomba likakohoa. Leka akaja mlangoni kwa Masika kuomba chumvi.

"Ya nini?"

"Ya nyumbu."

Masika akampa pakiti nzima. Nyumbu akala yote, akanyimwa maji, na jua lilipoanza kulegea wakamfungua kamba. Akazunguka uani taratibu. Akanusa beseni, akanusa ndoo ya mpangaji mwenzao Wilbroad, akalipita bomba bila hata kuligeukia, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa Théodore, akaanza kuparapara ardhi kwa kwato. Wakachimba hapo. Hawakufika mbali, wakaliona: bomba la nyumba yao limekatwa, limeungwa kiungo kipya cha plastiki, limepinda chini ya ukuta mpaka kwenye tangi la kijani.

Wilbroad ni Mtanzania wa chumba cha nyuma, analinda duka la simu kule Rockey Street. Aliinama, akalitazama lile bomba, akavua kofia yake ya ulinzi.

"Loh! Kumbe manispaa tunapakana naye ukuta."

Watu wakacheka. Masika hakucheka. Alikuwa anaiona ile ndoo, wima, imejaa.

Walilirudisha bomba mahali pake, na maji yakatoka kwa nguvu, watoto wakaoga na nguo zao. Kesho yake bomba likarudi kukohoa, na pale ukutani pakawa pamemwagwa zege. Papa Théodore akasimama katikati ya ua, sauti ya mahubiri.

"Nasikia watu wa uhamiaji wanapita mitaa hii. Kila mtu aangalie makaratasi yake vizuri. Mimi nawaambia tu, sababu nawapenda."

Wengi humo ndani makaratasi yao yalikuwa yameisha muda, mengine hayajawahi kuanza. Hakuna aliyeligusa zege lile. Hata Wilbroad, ambaye mke wake ni wa hapahapa na ana kila muhuri, alivaa kofia yake akaenda kazini.

Masika akawaendea watu wa Gureza, ambao walikuwa wamejipanga kulala chini ya kamba za nguo.

"Muko na visu," akasema. "Iko ya kukata nyanya?"

"Ni ya mtu kama huyo," Leka akajibu.

Basi Masika akaleta kigoda, akamkalisha mama yake Leka, kibibi kidogo chenye nywele zilizokaa miaka mia tano bila kitana, akaanza kumsuka mistari. Chokaa ikawa inamdondokea bibi mapajani huku Leka anaeleza.

Gureza ilikaa juu ya mwamba. Ukuta mnene, lango moja, kanisa, nyumba zimebanana kama hizi. Sultani alileta jeshi, wakaupiga ukuta kiangazi kizima, ukuta ukakaa. Ulikaa kwa sababu ndani kulikuwa na maji, yakiingia kwa mabomba ya udongo yaliyofukiwa kutoka mlima wa pili, na njia yake aliijua mtu mmoja tu, mtunza maji wao. Ndipo huko bondeni adui akamlisha nyumbu chumvi, akamfungua.

"Nyumbu huyuhuyu," Leka akasema. Nyumbu akaangalia pembeni. "Yeye hana kosa, alikuwa na kiu. Lakini mlima ni mkubwa. Kuna mtu alimwongoza mpaka karibu."

"Mtunza maji."

"Alipewa mashamba ya bondeni. Sisi tulilamba mawe, halafu tukafungua lango, halafu basi."

Tangu hapo wanakwenda kila mahali ambapo maji yamefungwa na mtu wa ndani. Wa nje hawamfuati, huyo ni adui tu. Bellevue wamechelewa kufika kwa sababu kazi ni nyingi.

"Vizuri," Masika akasema, akikaza msuko mpaka bibi akafumba macho. "Jumapili ule shemasi anapitaka kila chumba kuombea watu. Mumukamate hapa kwangu. Lakini musimumalize haraka. Mumufunge pale kwa bomba. Alambe chuma. Aite maji, aite na jina la mama yake, na mimi nikae hapa nasuka."

"Itakuwa hivyo," Leka akasema. "Ila tuna sheria. Ukimkaribisha, akakaa, akanywa maji yako, huyo ni mgeni wako. Mgeni haguswi, hata kama amemuua baba yako. Na mwingine akimgusa, wewe ndiye utakayemlipia kisasi."

"Eish! Nani atamukaribisha ule mbwa?"

Bibi akakohoa kidogo chini ya vidole vya Masika.

Jumapili ikafika. Wanaume wa Gureza walisimama nyuma ya mlango, wengine nyuma ya pazia la kitanda, Leka mbele yao. Wilbroad alikuwa zamu ya mapumziko, akaja na yeye na kirungu chake, akabanwa kabatini. Masika alikaa kwenye mkeka katikati ya chumba. Kazi yake ilikuwa moja tu, kunyamaza. Mtu akiingia bila kukaribishwa ni mwizi, na mwizi sheria yake ni fupi.

"Hodi," Papa Théodore akasema nje. Suti ya kijivu, Biblia kwapani, jasho linamtiririka.

Masika akauma meno.

"Hodi hapa kwa marehemu Léocadie."

Na sikia sasa. Huko Butembo, Tante Léocadie alikuwa anamfinya Masika sikio kila mgeni alipoachwa mlangoni. Mgeni hasimami nje. Mgeni akifikisha hodi ya tatu, nyumba imevuliwa nguo. Alimfundisha hivyo tangu hajaota meno ya pili, mpaka jambo lenyewe likahama kichwani likakaa mdomoni. Kwa hiyo Théodore alipovuta pumzi aseme hodi ya tatu, mdomo wa Masika ulifunguka wenyewe.

"Karibu, papa."

Mkono wake ukavuta kiti. Mkono mwingine ukachukua birika, ukamimina kwenye kikombe maji yote yaliyobaki, na magoti yakapiga sakafu, na kikombe kikatolewa kwa mikono miwili.

"Aksanti, binti yangu." Théodore akakaa, akanywa, akainamisha kikombe mpaka tone la mwisho. "Joto la leo! Vraiment, Léocadie alikulea vizuri."

Nyuma ya pazia visu vikarudi kwenye ala, kimoja kimoja.

"Dada Masika!" Wilbroad akasema kutoka kabatini. "Jamani, dada Masika!"

Leka akatoka, akaweka mkono kifuani, akamwinamia Papa Théodore, na shemasi alipomaliza kuomba, Leka akamsindikiza mpaka getini kwake.

Tangu siku hiyo Théodore anatembea na watu wawili wa Gureza, mmoja mbele, mmoja nyuma, wanamlinda mgeni wa Masika. Amewanunulia vizibao vya kung'aa. Kanisani ameeleza kwamba ni baraka, na kanisa limekubali. Zege liko palepale, tangi limejaa, anauza kwa ndoo kama kawaida. Na kwa kuwa mtu akimdhuru ni Masika atakayelazimika kumlipia kisasi, Masika humkimbilia kila asubuhi pale getini, kumkumbusha aangalie robot, zile taa za barabarani, kabla ya kuvuka.

"Ugeni huu unaishaka lini?" alimuuliza Leka.

"Siku atakapopiga hodi kwako asijibiwe."

Kwa hiyo kila Jumapili ni nafasi mpya. Jumapili zimepita, na zote hizo maji ya birika ameyanywa Théodore.

Sasa Masika anafanya mazoezi. Jioni akishafunga kazi, Wilbroad anasimama nje ya mlango na sare yake, anapiga hodi, na Masika anakaa mkekani na mama yake Leka, ambaye mistari yake imekaa vizuri kweli, hata ameanza kumletea Masika wateja kutoka Gureza.

"Hodi," Wilbroad akasema jana.

Masika akanyamaza.

"Hodi wenyewe."

Masika akanyamaza. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"Hodi jamani."

"Karibu!"

Wilbroad akaingia akapewa kiti, maana amekaribishwa. "Umefika ya tatu leo," akasema. "Si haba."

Bibi akampigapiga Masika goti.

"Mtunza maji wetu," akasema, "baada ya kutuuza alirudi mjini kuchukua viatu vyake vya baridi. Tulikuwa tumeshajua wote. Leka alisimama nyuma ya mlango wangu na kisu. Mtunza maji akabisha."

"Na wewe?"

"Nilimpa mkate. Na maji ya mwisho."

Masika akamtazama. Nje nyumbu alikuwa anaparapara zege, kama kila jioni.

"Kumbe na wewe unafanyaka mazoezi."

"Tangu siku ile."

Masika akainuka, akamsukuma Wilbroad nje pamoja na kofia yake, akafunga mlango. Akachukua kitenge cha Tante Léocadie, akakikunja, akakiuma kwa meno yote. Bibi naye akashika pindo la pili, akauma.

"Tena," Masika akasema ndani ya kitenge.