Vigae vya Ukingoni

Kaka yangu Hikmatilla alipofuka akiwa na miaka ishirini na mitatu. Tangu hapo mkewe, Zumrad, alimshika mkono kila asubuhi hadi kiwanda cha brashi upande wa pili wa Tashkent. Wenzake kiwandani, vipofu kama yeye, walimtania kwa kumwita Zumrad mama yake, wakimwuliza kama mama amemfungia mkate leo. Kaka alicheka nao. Nyumbani hakucheka.

Mimi na mafundi wenzangu tulipoanza kujenga kituo cha treni ya chini ya ardhi karibu na mtaa wetu, kila jioni alinihoji. Nilimweleza kuta za vigae vya buluu, nguzo za marumaru, taa zilizofichwa ndani ya nakshi za dari. Hayo hakuyataka. Alitaka sakafu. Kulikuwa na vigae vya njano vya vipofu: vyenye mistari huuambia mguu uende, vyenye vinundu huuambia usimame. Nilimletea viwili, akavua viatu akavikanyaga kwa zamu.

"Hapa naenda, hapa nasimama," akasema. "Basi, mkono wa Zumrad upumzike."

Mkuu wetu, fundi Tolib, alikuwa amepamba kuta za misikiti miaka arobaini. Kwake pindo la nakshi halikatwi: likianza na mistari, litaenda na mistari mpaka lirudi lilipoanzia. Tulipofika ukingo wa jukwaa, pale treni zitakaposimama, aliagiza vinundu vikae pembeni kama maua, na mistari ipite hadi mwisho. Nilimwambia vinundu ndivyo vinavyomzuia kipofu asianguke.

"Kumbe siku hizi vipofu ndio wakaguzi wangu," akasema, na mafundi wakacheka. "Odil, ukitaka kuchora ndui, kachore uani kwa mama yako."

Niliweka mistari. Niliiweka kwa mikono yangu, nimepiga magoti, ikanyooka hata fundi akanipiga bega. Nikajiambia mhandisi ataona.

Mhandisi Lutfulla aliona jinsi ilivyonyooka. Ni yeye pia aliyefuta kwenye mchoro milango ya kioo ya ukingoni, ya kuzuia watu wasianguke relini, ili maua ya ukuta wa mbele yasizibwe. Siku ya ukaguzi, treni zikiwa bado hazijaanza, aliomba kiwandani kipofu mmoja atembee mbele ya kamera. Mimi nilikuwa nimepangwa ukutani pamoja na mafundi wengine. Nilipoinua macho, kaka alikuwa ameshafika chini ya ngazi za umeme, amevaa suti aliyoolea. Zumrad alikuwa ameachwa juu, eti ataharibu picha.

"Asimguse mtu," mhandisi akasema. "Asiseme mtu."

Kaka aliweka fimbo kwapani kuwaonyesha kwamba haihitaji. Alitembea kwa nyayo, taratibu, kidevu juu, anatabasamu. Alipita nguzo ya mwisho. Bado mistari ilimwambia nenda. Ningeweza kumwita. Fundi Tolib alikuwa akinitazama, nami nilingoja mwingine aite.

Alianguka relini, kichwa kwanza.

Mhandisi aliuliza nani kaleta mlevi. Mpiga picha akataka kujua kama afute. Fundi Tolib alichuchumaa ukingoni akakagua kama kigae kimepasuka.

Hospitalini kaka alizungumza siku ya tatu tu. Zumrad alikuwa ametoka kuchukua maji. Kaka aliniuliza nani aliyeweka vigae vya ukingoni.

Nilimjibu simjui, ni wa kundi jingine.

"Mtafute," akasema. "Nikipona umlete nyumbani. Usimtukane, atakuwa hakuambiwa. Nitamvua viatu nimfundishe mwenyewe."

Nikasema sawa, kaka. Akanyoosha mkono akitafuta wangu, nikampa. Alipapasa vidole vyangu kimoja kimoja, na saruji iliyokauka kwenye kucha, kisha akauachia akageukia ukutani. Zumrad aliporudi akamwita, kaka alimwitikia. Mimi hakuniitikia tena, na alfajiri alikufa.